Pishi

Msimu ule mikarafuu ya Weti ilizaa hadi matawi yakainama,
na mimi, Agripina wa Salvatori, mchumaji,
nilikuwa na hesabu mbili:
moja ya pishi, aliyoiandika msimamizi jioni,
nyingine ya Mungu, niliyojiandikia mwenyewe
katika daftari la mtoto wa shule, lenye twiga jaladani.

Jumatatu: rozari tatu.
Jumanne: rozari mbili, usingizi ulinishinda. Deni, moja.
Jumatano nilimnunia Mwanakheri kwa sababu ya kuku wake.
Deni. Nikafagia kanisa kulipa,
kanisa letu la mabenchi kumi na moja na popo darini.
Nikafagia hata pasipo taka.
Nikafua kitambaa cha altare mpaka pindo likafumuka,
Theodosia mkatekista akauliza,
"Kitambaa hiki kimekukosea nini?"
Nikacheka. Usiku sikucheka.
Usiku nilijumlisha, na jumla haikukubali.
Deni lilibaki kama konyo:
unachambua jamvi zima,
bado lipo moja chini ya ukucha.

Hakuna aliyenifundisha hivyo. Au baba, labda,
aliyevuka kutoka bara na shuka moja,
akasema: hapa mgeni haombi, mgeni anachuma.
Nami nikamchumia Mungu kama mgeni,
nikidhani Naye husimama mlangoni mwa ghala,
pishi mkononi,
anapitisha ubao juu, pishi ya mfuto,
isizidi hata punje.

Alhamisi ya tatu tawi likavunjika.
Mimi sikupiga kelele, mti ndio uliopiga.

Wiki sita chali, juu ya kitanda cha kamba,
daftari kabatini, mahali mkono usipofika.
Akaja Mwanakheri, yule wa kuku,
na uji wa pilipili manga.
Akaniosha. Mgongo, miguu,
na palipokuwa na aibu akapaosha pia,
huku mimi nasema nitakulipa, dada, nitakulipa,
hadi akasimamisha kitambaa hewani:
"We mwanamke, hata kuoshwa huwezi
bila kupatana bei?"

Nikanyamaza.
Maji yalikuwa vuguvugu, yenye mchaichai.

Jumapili Theodosia akaleta Ekaristi
katika kikasha kidogo cha shaba.
Sikuwa nimefagia. Sikuwa nimefunga.
Rozari ilikuwa uvunguni, panya kaiburuta.
Nikataka kumwambia arudi siku nyingine, nikishapona,
nikishapata cha kuonyesha.
Akasema, "Fungua kinywa."
Nikafungua, kama kinda.
Kilichoingia kilikuwa chepesi kuliko ua la karafuu
na kikanilemea kwa usingizi.

Nataka kulisema hili vizuri, ila silijui vizuri.
Si kwamba nilitazama deni nikaliona limepungua.
Nilimtazama Yule aliye ukutani, juu ya taa ya chemli,
mikono wazi, hana kalamu,
amechoka uchovu ambao ulikuwa wangu,
na sikukumbuka nilikuwa nadaiwa nini.

Usiku huo mvua ikashuka bila kubisha hodi.
Nikasikia mtaa mzima unakimbilia majamvi,
majina yakiitwa, ndara zikipotea matopeni,
kila mtu na karafuu zake, zisije zikageuka mpeta.
Miaka yote mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kutoka.
Nikalala nasikiliza bati.
Safari hii nilikuwa mimi jamvi,
nimekwisha kukunjwa,
nimekwisha kuingizwa ndani.

Sasa nachechemea. Siku nyingine vidole vyaanza kuhesabu vyenyewe,
navikalia.
Daftari nimempa mwana wa Mwanakheri,
kurasa zilizobaki anaandikia jiografia.
Kanisa nafagia bado, Jumamosi,
kwa kuwa sakafu ina mchanga.